Igeuze Kwanza: Niliyojifunza kwenye Bunduki za Nyundo za Liège

Mtu akishikishwa bunduki kongwe ya mitutu miwili, macho yake hukimbilia juu. Huko kuna nyundo mbili zilizopinda, kuna nakshi za majani na ndege ubavuni, na kwenye ukanda wa chuma unaopita katikati ya mitutu kuna jina lililoandikwa kwa herufi za madoido. Mimi nilifundishwa kuanzia chini. Unahakikisha haina risasi, unatoa kishikio cha mbele, unasukuma wenzo, unaichomoa mitutu kwenye bawaba yake na kuigeuza. Lile bapa la chuma lililokuwa limejificha ndani ndilo lenye habari. Jina la juu mara nyingi ni la aliyeuza. Walioitengeneza na walioipima wako chini.

Nilifika Liège, mashariki mwa Ubelgiji, nikitokea Kigoma kwa ajili ya masomo, na kibarua nikakipata kwenye karakana ya fundi bunduki mmoja mzee. Mwanzoni nilifagia na kubeba masanduku. Baadaye akaniachia kazi ya kupokea bunduki za wakusanyaji wa silaha kongwe, kuzifungua, na kuandika daftarini kila alama niliyoiona kabla yeye hajazigusa. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Mteja akianza kusifia nakshi, Mzee alinyoosha mkono kwangu na kusema, "Mitutu." Nami nilimpa. Bei haikutajwa mle ndani mpaka mitutu iwe imegeuzwa.

Nitaeleza kwa bunduki ninayoijua kuliko zote, ambayo niliinunua mwenyewe kwa kibali. Ni geji 16, saizi iliyopendwa sana na wawindaji wa Ubelgiji na Ufaransa wakati Waingereza wakishikilia 12 yao. Namba hiyo ni hesabu ya kale: chukua ratili moja ya madini ya risasi, igawe mafungu 16 sawa, kila fungu ulifanye tufe. Tufe moja ndilo upana wa mtutu. Ndiyo maana namba ikipanda, mtutu unakuwa mwembamba.

Kwenye bapa la chini la mitutu yangu kuna duara lililorefuka kama yai, ndani yake herufi ELG na nyota ndogo chini yake. Huo ni mhuri wa nyumba ya majaribio ya silaha ya Liège, ulioanza kutumika 1810. Juu ya duara hakuna taji. Taji liliongezwa 1893, kwa hiyo bunduki hii ilipita pale kabla ya mwaka huo. Kando yake kuna herufi moja yenye nyota juu, alama ya mkaguzi aliyeshika zamu. Wakaguzi wa kabla ya 1877 herufi zao zilikuwa na taji, si nyota. Basi tayari tumeibana bunduki kati ya 1877 na 1893, na bado hatujasoma jina la mtu yeyote. Kuna pia kinguzo kidogo kilichogongwa, cha Perron, ile nguzo iliyo alama ya mji wa Liège. Kuna namba 16.8, kipenyo cha ndani cha mtutu kwa milimita. Kisha kuna jambo ambalo halipo, nalo lina uzito kuliko yote yaliyopo: hakuna herufi PV zenye simba juu yake. PV ndiyo alama ya Wabelgiji kwamba mitutu imejaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Yangu ilijaribiwa kwa baruti nyeusi tu.

Hiyo nyumba ya majaribio ilianzishwa 1672 kwa amri ya Maximilian Henry wa Bavaria, askofu aliyekuwa pia mtawala wa Liège, na mpaka leo inafanya kazi. Kazi yenyewe ni ngumu kuidanganya. Mitutu inajazwa baruti kupita kiasi cha kawaida, inafyatuliwa mahali pa salama, halafu mkaguzi anaitazama kama imevimba, imepasuka au imelegea. Ikisalimika, inagongwa mhuri. London walikuwa na chama chao cha mafundi bunduki tangu 1637, na Birmingham wakapata nyumba yao kwa sheria ya 1813. Ukiijua mihuri ya miji hii mitatu umeshapata ufunguo wa sehemu kubwa ya bunduki za nyundo zinazouzwa Ulaya.

Kabla ya mhuri kulikuwa na moto. Kuna mto unaitwa Vesdre, unashuka kuja Liège kupitia vijiji vya Nessonvaux, Fraipont na Trooz. Katika bonde hilo ndiko mitutu ya damaski ilikofuliwa, na iliuzwa mpaka Birmingham na Marekani ikiwa bado ghafi. Fito za chuma laini na za feleji zilipangwa pamoja kwa mpangilio maalum, zikaunganishwa motoni kuwa ufito mmoja. Ufito huo ulishikwa ncha moja, ukasokotwa ukiwa mwekundu kwa joto mpaka ukawa kamba ya chuma. Kamba mbili, tatu au zaidi zililazwa sambamba na kuunganishwa kuwa utepe. Utepe ukazungushwa kwenye kiini, mzunguko juu ya mzunguko, na kila mshono ukagongwa nyundo ukiwa na moto wa kuyeyushana. Ndipo mtutu ukatobolewa, ukanyooshwa, ukasagwa kwenye mawe yaliyozungushwa na maji ya mto. Mshono mmoja ukiwa na majivu ndani, kazi yote imeharibika.

Mara ya kwanza Mzee aliponiwekea lenzi juu ya mtutu wa damaski nilinyamaza kwa muda mrefu. Vijiduara vidogo vyeupe na vya kahawia, vimejipanga safu kwa safu kutoka kwenye chemba, pale risasi inapokaa, mpaka mdomoni, kila safu ni kamba moja iliyosokotwa. Unaweza kuhesabu kamba. Unaweza kuona pale utepe mmoja ulipokutana na mwenziwe. Rangi hizo si rangi iliyopakwa. Chuma na feleji hazishiki kutu sawasawa, kwa hiyo fundi aliipa mitutu kutu kwa makusudi, akaisugua, akairudishia tena na tena mpaka umbo la ndani likajitokeza. Kuna mafundi waliogonga herufi zao za kwanza chini ya mitutu, na wachache majina kamili. Jina la Heuse-Lemoine wa Nessonvaux wakusanyaji wanalitafuta mpaka leo. Wengi hawakuandika kitu. Hilo huniuma, nalisema wazi. Jina la mwenye duka linang'aa kwa dhahabu juu, na mtu aliyesimama mbele ya tanuri hana hata herufi.

Kuhusu majina, nina kisa cha mama mmoja wa Bukavu anayeishi karibu na Liège. Mume wake alikuwa Mbelgiji, na alipofariki bunduki ya baba mkwe ikabaki kwenye kabati. Akaja nayo karakanani, tukasalimiana kwa Kiswahili, akafurahi.

"Papa, hii iko ya bei sana, ee? Iko na jina ya Waingereza."

Nikaitoa mitutu, nikamwonyesha. "Mama, tazama hapa. ELG, na taji juu. Hii ni ya hapahapa Liège, baada ya 1893."

"Sasa jina hii ya juu ni ya nani?"

Nikamweleza kwamba viwanda vya Liège viliandika jina lolote ambalo mnunuzi alilitaka: jina la muuza duka wa mkoani Ufaransa, jina la msambazaji, na wakati mwingine jina lililotengenezwa lisikike kama la fundi mkubwa wa Uingereza. Huko Marekani kuna bunduki nyingi za Ubelgiji zilizoandikwa W. Richards, na wanunuzi wengi wakaamini ni za Westley Richards wa Birmingham. Mama akakaa kimya, kisha akauliza swali lililonipendeza: "Basi ni mbaya?" Haikuwa mbaya hata kidogo. Mitutu ilikuwa ya damaski safi, mbao ya mjozi haina ufa, na vichwa vya skrubu havijachubuliwa na bisibisi ya mtu mwenye haraka. Ilikuwa bunduki njema ya Liège iliyovishwa jina la kuazima. Bei yake haikufika ya simu mpya, lakini hizo ndizo bei za soko la bunduki za kawaida za nyundo, na ni vizuri watu wa familia wajue hivyo mapema kuliko kugombana urithi kwa ajili ya utajiri ambao haupo.

Mwanawe alikuwa ameshanunua msasa ili aing'arishe. Tulimzuia kwa wakati. Ile rangi ya kahawia iliyokolea, makali ya nakshi, hata weusi uliojikusanya kwenye kona, ndivyo mkusanyaji anavyovilipia. Ukipitisha msasa umefuta kazi ya mchonga nakshi na unaweza kufuta hata mihuri. Kitambaa laini, mafuta mepesi, na subira juu ya kutu ya juujuu. Mbao ipakwe mafuta ya kitani kidogo sana, kwa kiganja. Na bunduki isimamishwe mdomo chini ikiwa imetoka kupakwa mafuta, maana ukiisimamisha mdomo juu mafuta yanashuka kwenye shingo ya kitako, mbao inalainika na kuwa nyeusi, na siku moja inapasuka.

Damaski ya uongo ipo, tena ya zamani. Wakati mitutu ya feleji ya kawaida ilipoanza kuwa rahisi, wanunuzi bado walitaka kuona madoido, kwa hiyo viwanda vikachora umbo la damaski juu ya chuma kitupu kwa asidi. Nilimsindikiza rafiki kwenye maonyesho ya silaha kongwe, naye akaipenda bunduki moja yenye maua ya ajabu. Muuzaji aliisifu kwa bidii. Rafiki akaomba kishikio cha mbele kitolewe, na hapo, kwenye mstari uleule ambapo mbao ilikuwa ikianzia, maua yakakatika. Damaski ya kweli haijui mbao inaanzia wapi. Inapita chini ya kishikio, inapita hadi kwenye vyuma vya kufungia, kwa sababu ndiyo mwili wenyewe wa mtutu. Kinyume chake pia hutokea: mitutu inayoonekana myeusi tu, kumbe mtu aliipaka rangi juu. Fundi akisafisha sehemu ndogo iliyojificha na kugusa asidi kidogo, umbo linapanda.

Sasa nyundo. Watu wakiona nyundo nje wanasema hii ni ya zamani sana, lakini nyundo peke yake haithibitishi umri. Ni kweli kwamba Anson na Deeley, waliokuwa Westley Richards, waliziingiza nyundo ndani ya mwili wa bunduki 1875, na tajiri akahamia huko. Ila Liège iliendelea kutoa bunduki za nyundo za bei nafuu hadi karne ya 20, maana mkulima wa Ardennes alizielewa na fundi yeyote wa kijijini aliweza kuzitengeneza. Zilizo kongwe kweli zinajionyesha kwa njia nyingine. Casimir Lefaucheux wa Paris alipata hataza ya bunduki ya kuvunjika katikati kwenye miaka ya 1830, na risasi zake baadaye zilikuwa na kipini kinachochomoza pembeni. Mitutu ya aina hiyo ina vijitundu viwili kwenye ukingo wa juu wa chemba ili vipini vipite. Ukiona vijitundu hivyo uko mbele ya mfumo wa katikati ya karne ya 19.

Jaribio la nyundo ni la usalama kwanza. Hakikisha tena kwamba bunduki ni tupu, weka maganda ya mazoezi kwenye chemba, kisha ishushe nyundo. Je, inajirudisha nyuma kidogo, au inabaki imekandamiza pini inayowasha risasi? John Stanton wa Wolverhampton ndiye aliyepata hataza, 1867, ya utaratibu wa nyundo inayorudi yenyewe. Zisizorudi zinadai mkono unaokumbuka: kabla ya kuifungua unaivuta nyundo mpaka nusu. Usipofanya hivyo pini inabaki imechoma fataki na inaweza kuvunjika. Kibaya zaidi ni kuifunga bunduki yenye risasi huku nyundo ikiwa imelala juu ya pini. Hapo inaweza kulipuka bila mtu kugusa triga.

Baada ya hapo Mzee alitundika mitutu kwenye ndoano na kuigonga kwa kifundo cha kidole. Ikilia kwa sauti ndefu, vikanda vinavyoiunganisha vimeshika. Ikitoa mlio mfupi wa kukwaruza, kuna mahali solda imeachia na unyevu umeingia. Kisha aliinua mitutu kuelekea dirishani na kuchungulia ndani; mviringo wa kivuli ukikatika, kuna bonyeo. Kisha aliifunga bunduki bila kishikio cha mbele na kuitikisa, asikie kama inacheza. Mwisho, kwa kipimo maalum, alipima unene wa ukuta wa mtutu tangu kwenye chemba hadi mdomoni, mtutu mmoja mmoja, huku nikiandika.

Kipimo hicho ndicho kinachotenganisha pambo na bunduki ya kupigia, na ndicho ambacho wauzaji wengi hawana. Kutu ikisafishwa kwa ndani mara kadhaa katika miaka mia moja, ukuta unabaki karatasi bila mtu wa nje kujua. Mafundi ninaowaheshimu hawataki kusikia habari ya kupiga ikiwa ukuta umeshuka chini ya nusu milimita. Halafu kuna urefu wa chemba. Nyingi za zamani za geji 12 na 16 ni za milimita 65, na risasi za madukani leo ni za 70. Ya 70 inaingia vizuri kabisa kwa sababu mdomo wake umekunjwa. Tatizo linakuja inapofyatuliwa: mkunjo unafunguka ukiwa umeshaingia pale mtutu unapoanza kubana, marisau, vile vijitufe vilivyomo ndani ya risasi, yanapita kwa shida, na shinikizo linapanda. Ongeza baruti ya kisasa juu ya mitutu isiyo na alama ya PV, na mkono wako wa kushoto ndio ulio karibu zaidi.

Nikiwa katika kazi hii nilijifunza pia jambo la kwetu. Babu yangu alikuwa na gobole, na utotoni niliamini watu wetu walitumia magobole kwa sababu hawakuzijua bunduki nyingine. Mwaka 1890, Brussels, mataifa ya Ulaya na mengine yalitia saini mkataba mkuu uliofungia uingizaji wa silaha za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, kutoka nyuzi 20 kaskazini hadi nyuzi 22 kusini. Kilichoachwa kiuzwe huko ni bunduki za jiwe la kuwashia zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Liège ilizitengeneza hizo pia, kwa wingi, kwa ajili ya biashara ya Afrika. Kwa hiyo katika miaka ileile bunduki yangu ya geji 16 ilipokuwa ikipitishwa kwa mwindaji wa Kifaransa, mji uleule ulikuwa ukifunga masanduku ya bunduki za teknolojia iliyokuwa imeachwa kwa zaidi ya nusu karne, ziende kwetu. Nilipoyaelewa hayo nilimfikiria babu kwa namna nyingine.

Kwa ndugu anayetaka kununua, sheria itangulie pesa, na sheria inabadilika ukivuka mpaka. Marekani, sheria ya serikali kuu ya 1968 inaitambua kuwa ya kale bunduki iliyotengenezwa 1898 au kabla. Uingereza, umri hautoshi: geji 12 ya risasi za kawaida inahitaji cheti hata kama ni ya enzi ya Victoria, kwa kuwa risasi zake bado zinauzwa. Ubelgiji iliimarisha masharti kwa sheria ya Juni 8, 2006, na mrithi anatakiwa kujitokeza polisi mapema. Yule mama wa Bukavu tulimwelekeza huko siku hiyohiyo. Tanzania kuna sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya 2015. Usifikirie kuitia kwenye sanduku uende nayo nyumbani kwa kuwa ni "ya maonyesho tu".

Yangu mimi niliipima baada ya kuinunua kwa bei ya pambo, nikijua naweza kukuta lolote. Mtutu wa kulia ulitoka salama. Wa kushoto, mbele kidogo ya kishikio, mahali hasa ambapo kiganja kingeshika, ulisoma milimita 0.4. Haitapigwa. Nimeandika kipimo hicho na mahali kilipo kwenye kadi ngumu, pamoja na miaka 1877 hadi 1893 na sababu za kuibana hapo, na kadi nimeifunga kwa uzi kwenye kinga ya triga, ili atakayeipokea baada yangu asije akaitia risasi kwa sababu ya uzuri wake.